Risasi hailainishwi: mtego wa neno moja katika tarjuma

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa mtaa wa Kaloleni hapa Kisumu ambaye hujipatia riziki kwa kazi ya tarjuma, ameniletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Alikuwa akitafsiri kitabu kuhusu historia ya silaha za wawindaji. Katika sura moja, mwandishi anaeleza jinsi watu waliosubu risasi zao wenyewe nyumbani walivyozipaka shahamu, nta na vitu vingine kabla ya kuzitia bundukini. Mtarjumi wetu akafungua kamusi, akakuta "kilainishi", akaandika "kilainishi cha risasi" na kusonga mbele. Mhariri akamrudishia kurasa zake zikiwa na swali pembeni: "Risasi hii unailainisha ili iweje?"

"Mwalimu, nimekwama," akaniambia kwa simu. "Kamusi inasema hivi, mhariri naye anakataa. Sasa nimwamini nani?"

Mwamini mhariri. Ila sababu ya kumwamini haimo kamusini. Imo kwenye chungu cha kuyeyushia madini, na huko ndiko twendako leo.

Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu ili yakipoa yachukue umbo la kalibu hiyo. Risasi, yale madini mazito ya kijivu, ni rahisi sana kusubu kwa sababu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za Selsiasi, ilhali chuma huhitaji zaidi ya nyuzi 1,500. Moto wa kawaida wa jikoni wanatosha. Ndiyo maana kwa karne nyingi mwindaji hakuhitaji kiwanda. Alihitaji moto, chungu, kijiko kirefu na kalibu.

Hapa niruhusuni kando kidogo. Neno "kalibu" tumelitoa katika Kiarabu, "qalib". Wanaisimu wengi hulinasibisha neno hilohilo la Kiarabu na lile la Kizungu linalotaja upana wa tundu la bunduki, ambalo lilipitia Italia na Ufaransa likaja kwetu mara ya pili kama "kaliba". Kwa hiyo mtangazaji wa mpira anaposema Gor Mahia inahitaji mshambuliaji "wa kaliba ya juu", na mama anapotafuta kalibu ya kuokea keki, wawili hao wanatumia neno moja lililofika pwani kwa majahazi mawili tofauti. Haya, turudi kwenye chungu.

Wepesi wa kuyeyuka una gharama yake. Risasi tupu ni laini mno. Waweza kuikwaruza kwa ukucha. Katika mtutu laini wa kale, ulaini huo haukuwa na taabu kubwa. Lakini mafundi walipoanza kuchonga mifuo ya kujipinda ndani ya mtutu ili risasi itoke ikizunguka na kwenda moja kwa moja, mambo yalibadilika. Sasa risasi ililazimika kubanwa na mifuo hiyo huku ikisukumwa kwa nguvu kutoka nyuma. Madini laini yakibanwa namna hiyo hukwanguka, na yale makwangu hunata kwenye kuta za mtutu. Isitoshe, gesi ya moto ikipata upenyo mdogo pembeni mwa risasi hupita hapo kwa kasi na kuzidi kuiyeyusha kingo zake. Baada ya muda mtutu huwa na utando wa madini, mifuo hujaa, na shabaha hupotea.

Fundi anayesubu ana njia mbili za kupambana na tatizo hili, na kwa kawaida huzitumia zote. Ya kwanza ni kuigumisha risasi. Huongeza bati na antimoni kwenye chungu, ikapatikana aloi ngumu zaidi. (Na hapa mtarjumi ajihadhari tena. "Bati" katika sentensi hii ni madini yenyewe, si yale mabati ya kuezekea yanayouzwa Kibuye, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Antimoni nayo si ngeni kama inavyosikika: wazee wa pwani waliijua kwa jina la wanja wa manga.) Njia ya pili ni kuipaka risasi kitu kitakachoitelezesha na kuziba ule upenyo wa gesi.

Umeona sasa alichokiona mhariri? Kulainisha ni kufanya kitu kiwe laini. Fundi ametoka jasho akiigumisha risasi yake, kisha sisi tunamwandikia kwamba anailainisha! Msomaji wa Kiswahili asiyejua lugha ile nyingine ataelewa kinyume kabisa cha kinachofanyika. Kosa halikuanzia kwa kijana wetu wa Kaloleni. Limetokana na mazoea ya waundaji wa istilahi ya kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la kigeni, wakasahau kwamba wepesi wa kuteleza na ulaini wa kubonyea ni mambo mawili. Sabuni ya kipande ni ngumu lakini yateleza. Ugali ni laini lakini hauna haja ya kuteleza, labda ukiwa na mlenda pembeni.

Neno "kilainishi", kwa hakika, limeshapata makazi yake kwingine. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku uingizaji na usambazaji wa vilainishi, magazeti yalilitumia neno hilo siku baada ya siku, na kila msomaji mtu mzima alijua ni vilainishi gani vinavyozungumziwa. Darasani kwangu leo, ukilitamka, safu ya nyuma yote inaangua kicheko. Huko gereji nako, hakuna fundi wa matatu atakayekuambia anatia kilainishi. Atasema anatia oili, au anapaka grisi, na gari litaondoka.

Hata hivyo, kuna kipindi ambapo "kulainisha" kungekuwa sahihi, na ni haki tukitaje. Baruti ya kale, ile nyeusi, huacha masizi mengi mtutuni. Masizi hayo yakikauka huwa magumu kama ukoko wa sufuria, na baada ya milio michache risasi mpya haipiti tena. Shahamu iliyopakwa kwenye risasi au kwenye kitambaa kilichoizunguka ilikuwa na kazi ya kuyaweka masizi hayo yawe laini na yenye unyevu, ili risasi inayofuata iyasukume nje. Kilicholainishwa ni masizi, wala si risasi. Ukiandika "shahamu ya kulainishia masizi" umesema kweli tupu.

Njia za kale za kupaka zilikuwa za kawaida kabisa. Risasi ya mviringo ilifungwa kwenye kipande cha kitambaa kilichoroweshwa shahamu, kisha ikasukumwa chini ya mtutu kwa mdeki, ule ufito mrefu wa kushindilia. Risasi ndefu zenye mifuo ubavuni zilichovywa kwenye shahamu na nta iliyoyeyushwa, au zilisimamishwa kwenye sinia, nta ikamiminwa hadi ifunike mifuo, ikaachwa igande, kisha kila risasi ikakatwa kutoka humo kwa kibomba, kama mpishi anavyokata biskuti. Nta ya nyuki ilipendwa kwa sababu haiyeyuki haraka juani. Shahamu tupu kwenye joto letu la ziwa ingekuwa imetiririka kabla ya saa sita.

Ikiwa kuna mtu anayedhani kwamba uchaguzi wa neno kati ya shahamu, mafuta, samli na nta ni mapambo ya waandishi, na asome habari za India mwaka 1857. Kampuni ya India Mashariki ilikuwa imeleta bunduki mpya aina ya Enfield, yenye mifuo. Kiasi chake, yaani kifurushi cha karatasi chenye baruti na risasi pamoja, kilikuwa kimepakwa shahamu, na askari alifundishwa kukirarua kwa meno. Mwezi Januari mwaka huo uvumi ulitoka kwenye ghala la silaha la Dum Dum, karibu na Calcutta, kwamba shahamu hiyo ni ya ng'ombe na ya nguruwe. Kwa askari Mhindu ya kwanza ilikuwa najisi kuitia kinywani. Kwa Mwislamu, ya pili ilikuwa haramu. Wakubwa waliwaruhusu wajipakie mchanganyiko wao wenyewe, na baadaye wakabadilisha mafunzo ili karatasi iraruliwe kwa mkono. Ilikuwa tayari kumekucha. Tarehe 24 Aprili, askari 85 wa farasi huko Meerut walikataa viasi walivyopewa, wakafungwa, na tarehe 10 Mei wenzao wakaasi. Wanahistoria watakwambia, na wana haki, kwamba manung'uniko yalikuwa mengi: ardhi, mishahara, falme zilizotwaliwa. Lakini cheche ilikuwa shahamu. Mwaka uliofuata Kampuni ilinyang'anywa utawala wa India.

Nimewahi kusoma maelezo ya Kiswahili ya kisa hiki yanayosema kwamba askari walikataa risasi "zilizopakwa mafuta". Basi! Msomaji anabaki akijiuliza kwa nini mtu afe kwa sababu ya mafuta. Neno "mafuta" kwetu limebeba kila kitu: ya kupikia, ya taa, ya gari, ya kujipaka. Waluo nao wanasema "mo" kwa upana huohuo. Katika kisa cha 1857, tofauti kati ya mafuta na shahamu ndiyo kisa chenyewe.

Sasa kwa nini sisi wenyewe hatuna neno lililozoeleka la kitu hiki, ilhali msamiati wetu wa bunduki ni tajiri? Tuna bunduki, kutoka kwa "bunduq" ya Kiarabu, tunda dogo la mviringo lililofananishwa na kitufe kinachorushwa. (Waluo walilikata kidogo likawa "bunde".) Tuna baruti, gobore, gumegume, fataki, mtutu, kasiba, mdeki, marisaa, kiasi. Haya si maneno ya watu waliotazama bunduki kwa mbali. Mnamo 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar alikadiria kuwa silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kupitia pwani ya mashariki kila mwaka.

Jibu langu ni kwamba neno halikuzaliwa kwa sababu kitu chenyewe hakikuhitajika mikononi mwetu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku biashara ya silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Ziwa letu liko katikati kabisa. Zilizoweza kuruhusiwa ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida. Gobore halina mifuo ya kujazwa na utando wa madini. Mwindaji hushindilia baruti, kizibo, na kinachopatikana, hata gololi za chuma kama ambavyo taarifa za polisi wa Tanzania husema mpaka leo. Aipake nini, na kwa nini?

Upande wa pili, askari wa King's African Rifles alipewa bunduki yenye mifuo, lakini risasi yake ilitoka kiwandani ikiwa imevikwa gamba la aloi ya shaba na nikeli. Gamba hilo halinati mtutuni kama risasi tupu. Askari alifundishwa kusafisha na kupaka mafuta bunduki. Mafuta yalikuwa ya bunduki, si ya risasi. Tukarukishwa kutoka gobore hadi risasi yenye gamba, na hatua ya katikati, ile ya risasi ya kusubu iliyopakwa, ikapita juu ya vichwa vyetu.

Mtu mmoja aliyeiona safari yote hiyo alipitia hapa Kisumu. Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilipanda meli bandarini kwetu kwenda kuushambulia mji wa Bukoba, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Miongoni mwao alikuwemo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa amekwisha kuvuka miaka 60. Katika ujana wake kusini mwa Afrika, miaka ya 1870, alikuwa amewinda ndovu kwa mabunduki mazito ya kushindiliwa mdomoni, yenye risasi za mviringo za wakia nne, yaani takriban gramu 113 kila moja. Alipopanda meli Kisumu, askari walibeba viasi vya shaba vilivyokuja kwa sanduku.

Za kisasa sitazidadavua sana, maana si kazi ya safu hii, ila mtarjumi anahitaji kuzijua ili asipotee. Baruti isiyo na moshi ilipoingia jeshini Ufaransa mwaka 1886, masizi yalipungua lakini joto na kasi viliongezeka, hivyo kazi ya kupaka ikahama: kutoka kulainisha masizi hadi kuzuia risasi isinate. Wanaosubu kwa uraibu, hasa Marekani, walitumia mashine ndogo ya mkono inayosukuma nta ndani ya mifuo ya risasi huku ikiirekebisha kipenyo. Katikati ya karne ya 20 chama chao cha kitaifa, NRA, kilieneza mchanganyiko wa nusu nta ya nyuki na nusu Alox, bidhaa ya petroli iliyokusudiwa kuzuia kutu. Baadaye ikaja ya majimaji, inayomwagwa kwenye ndoo ya risasi na kutikiswa. Siku hizi wengi wameacha nta na kuzivika risasi unga wa plastiki, uleule unaopakwa kwenye madirisha ya alumini, kisha wakazioka kwenye joto la nyuzi 200 hivi kwa dakika kama 20. Zinatoka zikiwa na rangi za peremende: nyekundu, kijani, buluu. Hapo hakuna kitu kilicholainishwa wala hata kuteleshwa sana. Ni koti.

(Msomaji asije akatia chungu motoni kwa kunisoma mimi. Chini ya Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, kutengeneza risasi bila idhini ni kosa, na mahakama haitajali kwamba ulikuwa ukifanya utafiti wa istilahi.)

Kwa hiyo pendekezo langu kwa ndugu yetu wa Kaloleni ni neno ambalo limekuwapo muda wote: mpako. "Mpako wa risasi." Linatokana na kupaka, kitenzi kilekile ambacho mtu yeyote angekitumia bila kwenda kamusini. Linafaa shahamu, nta, Alox na unga wa plastiki. Halidai kwamba kitu kinalainika au kinateleza. Linataja tu kinachoonekana, na kazi yake inaelezwa na sentensi. Wapo watakaopendelea "kitelezeshi", na kwa mitambo ya viwandani sina ugomvi nalo. Kwa risasi, ni nusu ya ukweli.

Lakini mhariri wake alikuwa na swali la pili, nami naliona zito kuliko la kwanza. Katika kurasa zilezile, kijana alikuwa ameandika "kuyeyusha risasi", "moshi wa risasi" na "risasi mwilini". Ipi? Madini, au kile kitokacho mtutuni? Kiarabu kilichotupa neno hili, "rasas", nacho kinabeba maana zote mbili, na sisi tulirithi shamba pamoja na magugu yake. Katika habari za uwindaji muktadha husaidia. Katika habari za afya hausaidii kila wakati.

Chukua kisa cha Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwekwa kandokando ya makazi ya watu, na madini yakaingia katika udongo, hewa na damu za watoto. Phyllis Omido aliipigania kesi hiyo kwa miaka. Julai 2020 mahakama iliwatunuku wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Sasa mweleze mama wa watoto watatu kwamba mwanawe "ana risasi kwenye damu". Atatafuta jeraha. Atamgeuza mtoto atazame mgongo. Baadhi ya wanahabari, kwa kuogopa utata huo, hutumia neno la Kiingereza lilivyo, na hapo mama haambulii hata lile jeraha.

Mimi naona tusilitupe neno letu, ila tulivalishe. Popote panapozungumziwa sumu, tuandike "madini ya risasi", kila mara, hata kama ni mara kumi katika ukurasa mmoja na mhariri wa mtindo akakunja uso. Kile kitokacho mtutuni kibaki "risasi", au "risasi ya bunduki" panapohitajika. Mvuvi wa Dunga anayefunga vipande vizito chini ya wavu wake anaweza kuambiwa kwamba vipande hivyo ni vya madini ya risasi, kwamba watu wa pwani humwita mwenzake mmoja wa vipande hivyo chubwi, na kwamba asiviyeyushe kwenye sufuria ya nyumbani wala asivikate kwa meno mbele ya mwanawe anayeiga kila kitu.